Herufi Iliyochoka

Mama yangu ni muuguzi, na wiki zile alikuwa akishika zamu mfululizo kwa sababu mwenzake anaumwa. Akirudi jioni alivua kiatu kimoja, akakaa kizingitini, cha pili kikamshinda. Mimi nilipika, nikaosha vyombo, nikafanya hesabu huku nasinzia. Nyumba nzima tulikuwa hoi.

Jumapili moja Bibi alihamia kwa Mjomba kwa mwezi mmoja. Bibi ana ugonjwa wa tezi ya shingo. Bila kidonge chake cha asubuhi hutetemeka kwa baridi hata jua likiwaka. Vilibaki vidonge viwili tu. Mama aliandika jina la dawa na kipimo chake ili Mjomba anunue vingine.

"Ninakilie vizuri, mwanangu," aliniambia. "Mwandiko wangu unamshinda mjomba wako."

Nikanakili. Kwenye kipimo aliandika 50, halafu herufi kama u yenye mkia, halafu g. Nikasema moyoni, maskini Mama, hata m imemshinda! Nikaona nimsaidie. Nikaandika 50 mg.

Alhamisi jioni, Mama akiwa kizingitini na kiatu kimoja mguuni, simu ililia. Mjomba alifoka hadi nikamsikia nikiwa jikoni.

"Dada, jana nimekupigia hupokei! Leo siku ya pili mama hana dawa. Hili duka la pili, nako wamekataa. Mfamasia anasema kipimo hiki ni mara elfu ya kile cha kawaida. Wewe ni muuguzi kweli?"

Mama alishika ukuta. "Niliandika hivyo? Basi uchovu umenizidi. Kesho namwambia mkuu wetu aniondoe kwenye dawa, nisije nikaua mtu."

Karatasi yake ilikuwa ndani ya daftari langu. Ningeichana, nani angejua? Lakini nilimtazama Mama pale ukutani nikaona aibu, nikaileta.

"Mama, si wewe. Ni mimi. Nilidhani m imeharibika, nikairekebisha."

Aliisoma. "Hii si m. Hii ni mu."

"Mu-nini?"

Ndivyo tulivyomwuliza mwalimu wa fizikia alipoitaja darasani. Tulimwambia neno halijaisha, tukacheka, na yaliyofuata hatukuyasikia.

Mama alirudi kwenye simu. "Kaka, mpe mfamasia." Akamtajia taratibu: mikrogramu hamsini, si miligramu. Baada ya saa moja Bibi mwenyewe alipiga, akasema amemeza, na mtu asimpigie kelele tena.

Mama akarudi kizingitini, akanivuta nikae. Nilingoja kugombezwa.

"Mu ni herufi ya Kigiriki," alisema. "Kwa mwalimu wa fizikia ni msuguano. Kwa wa takwimu ni wastani. Kwetu kwenye dawa, na kwa wanaopima vijidudu kwa hadubini, ni sehemu moja ya milioni. Herufi moja, kazi chungu nzima. Kama mimi."

"Nisamehe, Mama."

"Umesema kweli, nami nimepona kubeba kosa lisilo langu. Ila mwanangu, usirekebishe usichokijua. Uliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujifanya unajua, na bibi yako ndiye aliyetetemeka siku mbili."

Maneno ya mwisho aliyasema amefumba macho. Nikamvua kiatu cha pili.