Buibui katika Chumba cha Usukani

Siku za likizo, Cynthia alikuwa na kazi moja asiyoweza kuikwepa: kumpelekea baba yake chakula katika bandari ya uvuvi ya Liwatoni. Alitoka Tononoka saa sita mchana, hotipoti mkononi, na bawabu wa gatini alishamzoea. Baba yake, Bwana Kavumbi, alikuwa fundi wa mitambo katika meli ya uvuvi. Siku hiyo meli ilitarajiwa kung'oa nanga saa kumi, na watu kumi na wanane ndani yake.

Baba alimkaribisha katika chumba cha usukani, nyuma kabisa ya meli, penye mitambo ya kuigeuza, kisha akaenda kunawa. Daftari la ukaguzi lilibaki wazi. Cynthia akalichungulia. Usukani wa kawaida: vema. Simu ya kwenda kwa nahodha: vema. Usukani wa dharura, ule unaozungushwa kwa mkono mitambo ikizimika: vema. Zilikuwa vema za wiki sita, moja kila wiki, zote za wino mmoja, zote zimelalia upande mmoja.

Alama za namna hiyo alizijua sana, maana yeye, kiranja wa afya darasani, ndivyo alivyojaza daftari la maji na sabuni: Ijumaa, kwa mkao mmoja, bila kufungua pipa hata moja. Akaligeukia gurudumu la usukani wa dharura. Buibui alikuwa ametanda utando kutoka gurudumuni mpaka ukutani, naye amestarehe katikati kama mwenye nyumba.

"Baba, gurudumu hili mmelizungusha leo?" Cynthia aliuliza baba yake aliporudi.

"Asubuhi," alijibu, akilifunga daftari upesi. "Kwani?"

"Na huyu buibui je?"

Bwana Kavumbi aliutazama utando, kisha mlango. "Umeleta chakula au umekuja kunichunguza? Nenda nyumbani, mamako anakungoja."

Cynthia hakuondoka. Aliogopa baba asije akafukuzwa kazi, lakini aliogopa zaidi asirudi kutoka baharini. "Baba, mimi huandika vema shuleni bila kuangalia," alisema polepole. "Zangu zinafanana na zako."

Fundi alilifungua tena daftari, akazitazama vema zake. Kisha aliinua simu ya ukutani akamwita Nahodha Gunga, akamweleza yote bila kujitetea.

Nahodha aliamuru pampu za usukani zizimwe na jaribio lifanywe palepale. "Kulia digrii kumi," sauti yake ilisikika simuni. Bwana Kavumbi alilikamata gurudumu, akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Halikusogea. Kutu ilikuwa imelishika.

Safari iliahirishwa. Walisugua, wakatia mafuta, na kesho yake asubuhi, Cynthia akiwa amesimama kando, gurudumu lilizunguka kulia na kushoto, kila amri ikirudiwa simuni kabla ya kutekelezwa. Fundi alipewa onyo la maandishi, akalipokea kwa mikono miwili.

"Kama mitambo ingezimika pale mlangoni mwa bandari ya Kilindini, tungepanda mwamba," Nahodha Gunga alisema. "Na mwamba hausomi daftari. Bwana Kavumbi, mwambie mwanao neno."

Baba alikata zile vema sita za uongo za usukani wa dharura, moja moja, kisha akaandika ya siku hiyo. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Mimi ningewafupishia na wenzangu njia yao. Usiandike jambo ambalo mkono wako haujaligusa." Akamtazama. "Haya, na yale mapipa ya shuleni?"

"Nitayafungua Jumatatu shule ikifunguliwa, kabla ya kengele," Cynthia alijibu. "Yote."