Nukta Nyekundu Nyumbani kwa Delbert

Majirani zangu, nyumba ya Delbert na Raelynn Yoakum mnaifahamu, ile ya mwisho kabla ya daraja. Jumapili baada ya ibada ungewakuta barazani, Raelynn akiambua maharage, na Tansy, binti yao wa miaka minne, akimsumbua mbwa. Palikuwa na amani. Kisha wezi wakaanza kuvunja mabanda ya watu, wakabeba misumeno na majenereta, na Delbert akakosa usingizi.

Simlaumu kwa kununua bastola. Hapa kusini mwa Missouri ni nani asiye nayo? Hata mimi ninayo. Akaifungia leza, kile kidude kinachotupa nukta nyekundu pale mdomo wa bastola unapoelekea. Nisiwe mnafiki, kina faida yake. Gizani mtu haoni vizuri pa kulenga, hasa mwenye macho ya kizee kama yangu, lakini nukta anaiona. Kosa ni kwamba Delbert aliacha kabisa kwenda kwenye mazoezi ya shabaha. Nukta ilipo ndipo risasi inapokwenda, alisema, sasa ajisumbue kwa lipi?

Baya zaidi, akaifanya mchezo. Jioni alitoa risasi zote, akaitembeza nukta kwenye zulia, Tansy na mbwa wakaikimbiza. Mtoto akiishika, hubebwa juu na kushangiliwa. Siku niliyoyaona hayo sikuvumilia.

"Delbert, mwanangu, hiyo ni bastola," nilimwambia.

"Haina kitu ndani, Bi Orpha. Wewe naye unaogopa hata kivuli chako."

"Nimesema mpaka nimechoka," Raelynn akadakia kutoka jikoni. "Humu ndani mnoko ni mimi."

Ikafika Aprili. Mchana mmoja anga likageuka kijani, ile rangi tunayoiogopa sote. King'ora cha kimbunga kikalia, umeme ukakatika. Mimi naishi kwenye nyumba ya magurudumu, ambayo kimbunga huipeperusha kama boksi, na handaki la kujikinga sina, na desturi yetu mnaijua: king'ora kikilia, asiye na handaki hukimbilia kwa jirani, wala hapigi hodi. Mlango wa jikoni huachwa wazi kwa ajili hiyo. Delbert alikuwa ameufunga, kwa hofu ya wezi. Nikausukuma kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Nilisimama mlangoni na koti la mvua, kofia imenifunika uso. Upepo ulivuma hata sauti yangu sikuisikia. Ndani kulikuwa giza. Nikatazama kifua changu, nikaiona nukta nyekundu inatetemeka. Nilijua nakufa. Nilitaja jina langu, upepo ukalimeza.

Tansy akachomoka chini ya meza akicheka, maana alikuwa ameiona. Akanirukia ili aishike, akaning'inia kwenye koti langu, na nukta ikatua kisogoni mwake.

Delbert akaiona pale, kwenye nywele za mwanawe. Akatupa mkono juu na bastola ikalia papo hapo. Risasi ilipita juu ya vichwa vyetu, ikaingia ukutani.

Tulishuka handakini. Raelynn alimshika mtoto kwa nguvu mno. Delbert aliketi kwenye ngazi, uso ameuficha mikononi.

"Baba, niliishika," Tansy akasema. "Mbona hunibebi?"

Kimbunga kilitupita mbali, hakikung'oa hata bati. Kesho yake Raelynn alimchukua mtoto akaenda kwa mama yake, na mpaka leo hajarudi.

FUNZO

Jamani, siwaambii mtupe leza zenu. Siku ile kile kidude kilifanya kazi yake: kilimwonyesha Delbert risasi yake inakokwenda, na ndiyo maana Tansy yu hai, nami nipo nasimulia. Lakini hakikumwambia aliyesimama mlangoni ni nani. Hiyo ni kazi ya tochi, na ya kinywa kuuliza kabla kidole hakijagusa triga. Wala hakimpi mtu mazoezi aliyoyakwepa. Bastola isiyo na risasi ichukulieni kuwa inayo, kila siku, hata mkichekwa. Na mtoto wenu asifundishwe kamwe kuifurahia nukta ile.