Mchele Ndani ya Mkate

Generosa alikuwa mkwe mwenye bidii, na hilo hakuna aliyelibishia pale Ushirombo. Asubuhi na mapema alifagia uwanja, akateka maji, akamwandalia chai mama mkwe wake, Febronia. Bibi huyo alikuwa ametoka hospitali wiki ile. Uji aliukataa. Ugali aliusogeza pembeni. Meno nayo yalikuwa yamebaki ya kuhesabu.

"Mayu, utakula nini basi?" Generosa alimwuliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mkate laini, mwanangu. Wa kuchovya kwenye chai."

Mikate ya dukani ilifika ikiwa mikavu. Generosa akaamua kuoka mwenyewe. Alinunua unga wa ngano na pakiti ya hamira. Maelezo ya pakiti yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Alikodoa macho hadi akakutana na neno "rise".

"Hili nalijua!" alisema kwa furaha. "Limeandikwa kwenye mifuko ya mchele."

Basi akapika kikombe cha mchele, akauchanganya wali ule na unga na hamira, akakanda, akaoka palepale, makaa juu na chini. Mkate ukatoka mgumu kama tofali. Febronia alitafuna kipande kimoja muda mrefu. "Mtamu," alisema, kisha akajilaza.

Roho ilimuuma Generosa. Bibi alikuwa akikonda mbele ya macho yake. Akabeba mkate na pakiti hadi kwa jirani yake Mwaisha, muuza maandazi wa sokoni.

"Shikamoo, dada Mwaisha."

"Marahaba, Mama Innocent. Mbona macho mekundu?"

Mwaisha aliumega mkate kwa shida. Alipoona punje za wali alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Kisha akayaona machozi ya mwenzake. Akaacha kicheko, akamshika mkono. Generosa akamwonyesha lile neno kwenye pakiti, akaeleza alivyolisoma.

"Neno la mchele lina herufi c," Mwaisha alisema taratibu. "Hili lina s. La mchele hutamkwa raisi."

"Mchele ni rais?"

"Usinichekeshe tena! Hili la kwako ni raizi. Maana yake ni kitu kuinuka chenyewe. Jua likichomoza, Waingereza hutumia neno hilo. Bei ikipanda, hilohilo. Mtu akiinuka kitini, hilohilo. Wao neno moja, sisi tunayo chungu nzima."

"Sasa nitajuaje wamekusudia lipi?"

"Tazama ni kitu gani kinachoinuka. Kwenye pakiti ya hamira ni unga. Wanasema uuache uumuke kwa saa moja, mahali penye joto. Huongezi wali wowote hapo. Unafunika, unasubiri."

Kesho yake Generosa alikanda tena. Akafunika kinyunga, lile donge la unga, kwa kitambaa, akakiweka karibu na jiko. Aliuchungulia unga ule mara tano, maana subira si kazi ndogo. Saa moja ilipotimia, kinyunga kilikuwa kimekua mara mbili. Akaoka.

Febronia alichovya kipande kimoja kwenye chai. Akachovya cha pili. Akaomba cha tatu, na Generosa akakikata upesi kwa furaha.

"Huu sasa ndio mkate, mwanangu," bibi alisema. "Ule wa jana, Mungu anisamehe, nilikudanganya."