Mlinzi Aliyefunika Uso

"We mama! Hapa hapavuliwi! Rudi nyuma ya waya!"

Mshona nyavu alisimama, furushi kichwani. Sauti ile aliijua. Tangu mvua zilipokatika alikuwa akiisikia kwenye simu kila jioni, ikimwita mpenzi, ikimwambia samaki wa ziwani, juu ya bwawa, ni wengi hadi mitumbwi inalalamika.

"Mimi si mama yako," alijibu. "Na wewe kumbe si mvuvi."

Mlinzi alishusha rungu. Sare ilimpwaya. Kijijini walimwita Kambare, kwa jinsi anavyoteleza akibanwa kwa swali. Leo hakuwa na pa kutelezea: nyuma yake ukuta wa bwawa, mbele yake mchumba wake.

"Umefuata nini huku?"

"Wewe. Nimekuletea nyavu ulizosema zinahitajika. Nimeshona mpaka vidole vimeota sugu, mjinga mimi!"

Chini ya ukuta samaki walijazana, wakiruka na kujibamiza kwenye zege, wakitafuta njia ya kwenda kutaga mayai kule juu walikozoea. Kijijini kwao, chini zaidi, mto ulikuwa umebaki wa kuvuka bila kukunja suruali.

"Ziwani nilijaribu, mpenzi. Miti iliyozama ilinichania wavu siku ya kwanza tu. Sisi tumezoea kutega kwenye mkondo, na ziwa halina mkondo. Watu walinicheka. Nikaona aibu kurudi, nikachukua kazi hii."

"Baba alikuja kuvua hapa juzi, akarudi mikono mitupu. Anasema mlinzi aliyemkatia wavu alijifunika uso kwa kitambaa."

Kambare akatazama viatu vyake.

"Usiteleze. Ulikuwa wewe?"

"Nilibadilisha sauti asinijue. Akaniita mwanangu. Akasema, 'Mwanangu, niachie hata samaki mmoja.'"

"Ukamwachia?"

"Msimamizi alikuwa anatazama. Nikakata."

Binti alitua furushi chini, akaketi juu yake. Machozi hayakuja, afadhali yangekuja.

"Nalala peke yangu kwenye kibanda kile cha mabati," Kambare alisema. "Nawasikia samaki wakigonga ukuta. Nakupigia ili nisiwasikie."

"Na mimi nakusubiri peke yangu, nikijisifia mume mvuvi."

"Bado unanitaka?"

"Nenda kwa baba. Uso wazi. Mwambie ni wewe. Halafu ndipo uniulize."

"Twende wote basi."

"Hapana. Nikikupeleka mimi, utakuwa umepelekwa tu. Tangulia."

"Na kazi?"

Kambare akavua kofia, akaitundika kwenye waya, akashika njia ya mtoni iendayo kijijini bila kugeuka. Binti alibaki. Hakuwahi kuona samaki wengi hivyo maishani mwake, wala kujihisi mpweke hivyo.

Jua lilikuwa linazama aliposimama nje ya duka la karibu, simu ikaita. Baba.

"Binti yangu, Kambare yuko hapa. Kasimama mlangoni, hataki kuketi."

"Amekwambia?"

"Ameniambia."

Alisikia mtu akipenga kamasi, asijue ni yupi kati yao.

"Umemjibu nini, baba?"

"Nimemtukana matusi yote ninayoyajua. Yameniishia, naye bado kasimama." Mzee alishusha pumzi. "Kesho panda gari la kwanza, uje uniambie nimfanyeje mkwe wangu."

Akasikia, mbali na simu, baba akisema:

"Ingia ndani, wewe. Mbu."