Asilimia Arobaini ya Norman

Jumamosi saa sita mchana soko la Grainger lilikuwa limejaa mpaka milangoni, na katikati ya foleni ya mikate Hazel Charlton alikuwa akigombana na kampuni ya umeme kwenye simu. Alivaa koti la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, skafu ya manjano, na viatu vya kazini ambavyo hakuwa amepata nafasi ya kuvibadili. Watu walijifanya hawasikii. Huku kwetu Newcastle kujifanya hatusikii tunakuweza sana, na habari yote tunaondoka nayo.

"Nimekuuliza swali moja tu," alikuwa akisema. "Umeme wa sola wa paa letu mnaununua kwa bei gani? Peni nne? Jioni nikiwasha birika mnaniuzia kwa ishirini na saba, halafu wangu mnauchukua kwa nne?"

"Usikubali," sauti ikasema nyuma yake.

Hazel akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu, jaketi la kazi lenye mifuko iliyovimba kwa koleo na tepu, na vumbi la dari nyweleni.

"Samahani," akasema. "Nilikuwa nakusikiliza."

"Kila mtu alikuwa ananisikiliza. Wewe tu ndiye umeshindwa kunyamaza."

"Basi acha nimalizie. Mimi ni fundi wa sola, naitwa Ewan Storey. Kuna mpango wa kununua umeme alfajiri kwa bei ya chini, ukajaza betri, halafu ukauza jioni watu wanapopika, bei ikiwa juu. Betri unayo?"

"Ninayo, iko chini ya ngazi. Aliyeifunga alikunywa chai yangu akaondoka, na simu hapokei tena."

"Na umeme ukikatika, inawasha nyumba?"

Hazel akacheka. "Si ndiyo kazi yake?"

Ewan hakucheka. "Si lazima. Betri nyingi, mtaa ukizima na zenyewe zinazima, mpaka zifungiwe swichi maalumu. Wewe unayo hiyo swichi?"

Foleni ikasogea, Hazel hakusogea. Rangi ilimtoka usoni mpaka mama aliyekuwa nyuma akamshika mkono akidhani anaanguka. Msimlaumu. Nyumbani Bensham, ng'ambo ya mto, baba yake Norman alikuwa ameketi na mrija puani. Norman alichomelea meli miaka thelathini na moja, na vumbi la kazi ile likayamaliza mapafu yake. Alipumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine ilikula umeme wa ukutani. Baridi iliyopita umeme ulikatika, na mtungi mdogo wa dharura ukawa umebaki na pumzi chache tu umeme uliporudi. Tangu siku hiyo Hazel aliishi na hofu. Betri peke yake ndiyo iliyokuwa ikimpa usingizi, na sasa mgeni mwenye vumbi kichwani alikuwa akimwambia kwamba usingizi huo ulikuwa wa bure.

"Njoo kesho," akamwambia. "Nitakupa chai. Ila usiondoke kama yule mwenzako."

Ewan alikwenda Jumapili, akafunga swichi. Akaupanga umeme wa nyumba ile: saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri betri inajaa kwa bei ya chini, saa kumi jioni hadi saa moja inauza kwa bei ya juu. Kisha akamwita Hazel chini ya ngazi, wakajibana pale kati ya makoti na fagio.

"Tazama hapa. Ikishuka kufikia arobaini, inaacha kuuza, hata bei iwe dhahabu. Hii asilimia arobaini ni ya Norman. Mtaa ukizima, itaendesha mashine yake kwa muda wa saa nane au zaidi."

"Una hakika?"

"Zima swichi kuu uone."

Hazel alikataa. Akakataa mara tatu. Mwishowe Norman mwenyewe akapaza sauti kutoka sebuleni, "Izimeni, mnaniharibia Jumapili," na Ewan akaizima. Taa zikapotea. Hazel akauma skafu yake. Sekunde moja, kisha mashine ya oksijeni ikaanza tena kunguruma, na Hazel akajikuta ameshika mkono wa fundi kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama.

"Nirudishie ukimaliza kuutumia," Ewan akasema.

Kabla ya kuondoka alibandika karatasi ndani ya mlango wa betri, yenye jina lake na namba yake ya siri ya fundi ya kubadilishia mipango ya betri, ili akija mara nyingine asihangaike kuitafuta. Ndivyo alivyofanya kila nyumba.

Na mara nyingine zikawa nyingi. Kiangazi chote simu ya Hazel haikupoa.

"Kipenzi, leo jua lilikuwaje?"

"Unauliza jua au unaniuliza mimi?"

"Jua nimeshaliona kwenye simu. Mmeuza uniti tisa."

"Basi na mimi nione kwenye simu."

"Wewe huonekani vizuri kwa simu. Nakuja."

Alikuja na mkate wa stottie, ule bapa wa huku kwetu, wenye nyama na njegere za kupondwa, akaketi kumsikiliza Norman akijisifu. Maana mzee naye alikuwa amepata ugonjwa mpya. Clive, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na paneli na betri pia, na kila jioni wazee wale wawili waliinuliana vidole dirishani kuonyeshana nani ameuza zaidi. Norman akishindwa, hata supu hanywi.

"Baba, ni umeme tu," Hazel alimwambia.

"Kwako wewe," Norman akajibu.

Hazel alimpenda Ewan, na niseme wazi, kumpenda kulimwongezea hofu badala ya kuipunguza. Zamani alikuwa na mtu mmoja wa kupoteza.

Ijumaa ya mwisho ya Novemba upepo ulikuja na theluji. Hazel alikuwa kazini mapokezi, kwa daktari wa meno upande wa Newcastle, na mchana Ewan alikuwa amempigia kumtuliza kutoka kazini kwake Hexham, umbali wa maili ishirini na zaidi.

"Ukikatika, ile arobaini ipo. Kunywa chai, tulia."

Saa kumi na mbili kasorobo jirani mmoja akampigia: Bensham yote giza. Hazel akapiga nyumbani. Simu ikaita, ikaita. Akapiga tena. Akampigia Ewan.

"Baba hapokei. Angalia betri."

Ewan akaitafuta kwenye simu yake. Kisha sauti ya Ewan ikabadilika. "Hazel. Betri ina asilimia nne."

"Arobaini."

"Nne. Itazima sasa hivi. Naita gari la wagonjwa, wewe kimbia."

Treni zilikuwa zimesimamishwa. Hazel alikimbia. Juu ya daraja la Tyne upepo ulimsukuma mpaka kwenye vyuma vya pembeni, theluji ikamwingia mdomoni, na chini mto ulikuwa mweusi. Skafu ilichukuliwa na hakuangalia ilikokwenda. Alikuwa akihesabu pumzi za baba yake badala ya zake. Kupanda kilima cha Bensham alianguka mara mbili, na aliposukuma mlango hakusikia mngurumo wa mashine. Alisikia mlio wa kengele yake ya hatari tu.

Norman alikuwa sakafuni karibu na kiti, midomo imegeuka rangi ya majivu. Mtungi wa dharura alikuwa ameukumbatia, lakini vidole vilikuwa vimekosa nguvu ya kuufungua. Hazel akaufungua. Akamwekea mrija, akamshika kichwa mapajani, gizani, akimwambia, "Vuta, baba. Vuta tena. Usiniache." Gari la wagonjwa lilichelewa dakika ambazo hataki kuzihesabu.

Hospitalini, baba akiwa nyuma ya kioo na barakoa usoni, Hazel aliketi kwenye korido akafungua simu kutazama kumbukumbu za betri. Ziliandikwa wazi: saa nane mchana, akiba imeshushwa kutoka arobaini hadi nne, aliyebadilisha, fundi Ewan Storey.

Ewan akatokea amelowa chapachapa. Mti ulikuwa umeangukia barabara, akazunguka kwa njia za mashambani. Hazel akamwinulia simu usoni.

"Jina lako hili?"

Ewan akasoma. Akaelewa papo hapo, na ninyi nadhani mmeshaelewa. Jioni ile kampuni ilikuwa imeahidi kununua kwa bei mara tatu, na nyumbani alikuwa mtu mmoja tu mwenye hamu ya kumshinda Clive. Lakini angemtaja vipi mzee aliyelala pale? Na karatasi ile yenye namba ya siri, nani aliibandika?

"Ni kosa langu," akasema.

"Ulitaka kuona namba kubwa kwenye simu yako?"

"Hazel, ni kosa langu. Siwezi kusema zaidi."

"Basi usiseme zaidi. Na usije tena."

Akamtazama akiondoka na maji yakichuruzika kwenye jaketi lake, akatamani kumwita na kumpiga kwa wakati mmoja.

Norman alirudi nyumbani baada ya siku kumi. Hazel alizima uuzaji wote, akaiacha betri imejaa usiku na mchana. Haikumsaidia. Kila ikifika saa kumi aliomba ruhusa kazini, akapanda kilima mbio, akakaa chini ya ngazi akitazama taa ndogo ya kijani. Akiba mia, na bado aliogopa. Akisikia upepo usiku, anashuka kugusa mlango wa betri kwa kiganja. Hakula vizuri. Nywele hakuzichana. Jina la Ewan hakulitaja, na simu yake ilipowaka kwa jina hilo aliigeuza kifudifudi. Norman aliyaona yote haya kutoka kwenye kiti chake, na dirishani kwa Clive hakutazama tena.

Januari wakatangaza dhoruba nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Asubuhi ya siku hiyo Hazel alishusha begi.

"Tunakwenda hospitali, baba. Tutakaa korido mpaka ipite."

"Betri imejaa."

"Siiamini. Siamini kitu chochote ndani ya nyumba hii."

Norman akavuta pumzi, na kwake hiyo ilikuwa kazi. "Keti, binti yangu. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliishusha mimi. Namba yake ilikuwa mlangoni. Bei ilikuwa mara tatu, na Clive alikuwa ameninyooshea vidole kumi, kisha viwili, siku ya kabla."

Hazel akaketi juu ya begi.

"Sikujua kama ningekuumiza hivi," Norman akaendelea. "Nilichomelea meli miaka thelathini na moja, Hazel. Halafu nikawa mtu wa kuletewa supu. Betri ile ilinirudisha kazini. Kila siku saa kumi naingia zamu. Nilipozinduka hospitalini mlango ulikuwa wazi, nikamsikia yule kijana anasema ni kosa lake, nikafumba macho. Niliogopa. Nilidhani ukijua utanipeleka kwenye nyumba ya wazee."

"Miezi miwili, baba."

"Najua."

"Miezi miwili nimemchukia mtu bure."

"Hukumchukia," mzee akasema. "Ungemchukia ungelala."

Alikasirika, msidhani hakukasirika. Alipiga mlango wa jikoni mpaka kikombe kikadondoka. Kisha akapiga simu.

"Ewan?"

"Nimeona utabiri," akasema bila salamu. "Betri yenu ina mia. Nimekuwa nikiitazama kila siku. Nisamehe, sikuweza kuacha."

"Baba ameniambia."

Akamsikia Ewan akivuta kiti.

"Kwa nini hukusema?"

"Karatasi niliibandika mimi. Nimezitoa nyumba zote, Hazel, moja moja. Yenu tu imebaki."

"Basi njoo uitoe," akasema. "Njoo kabla ya saa kumi. Naogopa."

Alifika saa tisa, ndevu zimekatwa vibaya, mkononi mkate wa stottie uliobanwa na upepo. Akamsalimia Norman, na Norman akamshika mkono muda mrefu. Ewan akaenda chini ya ngazi, akabandua karatasi, akabadilisha namba ya siri. Wakaketi wote watatu sebuleni, Hazel katikati, mtungi mikononi mwake, koki imelegezwa tayari.

Saa kumi na dakika ishirini bati likaruka mahali fulani barabarani. Taa zikapepesa. Kisha mtaa wote ukazima, na mashine ikanyamaza.

Hazel hakupumua. Sekunde ile aliiona sakafu, midomo ya majivu, vidole vilivyoshindwa. Ewan alikuwa ameukamata mkono wake.

Mashine ikaanza kunguruma. Taa ya mezani ikawaka. Norman akavuta mrija wake, akatazama dirishani ambako nyumba ya Clive ilikuwa nyeusi tititi.

"Maskini Clive," akasema. "Hana swichi. Hazel, mwite aje anywe chai."

Clive akaja na blanketi, wakanywa chai wote wanne, upepo ukilia nje kwa saa tatu na nusu. Kila baada ya muda Hazel alikwenda kutazama betri: themanini na tano, themanini na moja, sabini na sita. Ewan hakumcheka hata mara moja. Saa mbili kasoro dakika kumi taa za barabarani zikawaka, Clive akaaga, Norman akasinzia kitini. Ewan akasimama, akachukua jaketi lake.

"Umeme umerudi," akasema.

"Nimeona."

"Basi acha niende."

Hazel akamnyang'anya jaketi, akalitundika chini ya ngazi, juu ya koti lake la kijani.

"Bado naogopa, Ewan. Hata nikiolewa nitaogopa."

Ewan akatafuta pa kuweka mikono. "Umesema ukiolewa?"

"Umenisikia. Foleni nzima ulikuwa unanisikia, leo ndiyo masikio yameziba?"

"Kijana, mjibu binti yangu," Norman akasema bila kufumbua macho, "nipate kulala."