Damu ya Dada

Lifti ya hospitali ilikwama kati ya ghorofa mbili, asubuhi ambayo kila mtu alikuwa na haraka zake. Ndani walibanana muuguzi na sinia lake la chupa, mzee na fimbo, mama mwenye kichanga, na mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, miwani ya fremu nyeusi, na viatu vipya alivyokwisha kuvijutia. Kichanga kililia. Mzee alianza kusali. Ndipo sauti ya kiume ikashuka kutoka juu.

"Humo ndani, hamjambo?"

"Tungekuwa hatujambo tusingekuwa humu," akajibu mwenye miwani.

Sauti ikacheka. "Huyo mwenye mdomo akae mbali na mlango. Nafungua."

Mlango ulipoachana, walimwona fundi wa lifti amepiga magoti ukingoni, ovaroli la buluu mwilini, grisi hadi viwikoni. Akawavuta mmoja mmoja. Mwenye miwani alikuwa wa mwisho.

"Nitakuchafua, dada yangu."

"Bora uchafu kuliko kuhamia humu."

Akamvuta, kisha akasahau kumwachia mkono. "Mkono wa baridi hivi! Uliogopa?"

"Nilikuwa nawaza nikutukane vipi."

"Na umeamua nini?"

"Nimeamua nikusamehe. Natengeneza miwani, duka lile linalotazamana na benki. Ukiwa na shida ya macho, njoo."

Haikupita hata wiki, fundi akafika dukani, amenyoa ndevu, shati jeupe limenyooka kama karatasi. Akasema macho yake yalikuwa mazima siku zote, ila sasa kila akitazama anamwona mtu mmoja tu.

"Huo si ugonjwa wa macho," mwanamke akamjibu bila kuinua uso kwenye lenzi aliyokuwa akiisugua. "Ni ugonjwa wa ulimi. Hatuutibu hapa."

Lakini alikuwa anatabasamu. Tangu siku hiyo yeye akawa Miwani, na mwanamume akawa Fundi. Simu zikawa haziishi. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, ila sijashiba, sijakuona." "Muongo wewe!" Basi mambo yakawa hivyo, matamu tupu.

Kitu ambacho Fundi hakukijua ni alikokuwa anakwenda Miwani siku ile ya lifti.

Miwani alikuwa na dada wa tumbo moja, mkubwa wake. Dada aliolewa, akakaa miaka bila mtoto, wakwe wakamwita mti mkavu mbele ya wageni, na mwisho mumewe akampa talaka. Alirudi nyumbani na sanduku moja na ukimya mwingi. Homa ilipomshika hakupigana nayo. Baada ya mazishi, kila aliyekuja kutoa pole alimtazama mdogo mtu, akasema, "Lo, mmefanana! Utadhani mtu na pacha wake." Walidhani wanamfariji. Miwani alikuwa akiingia chumbani, anafunika kioo kwa kanga.

Wachumba walikuja, akawakataa wote. Alihofu kuwa kilichokuwa kwenye damu ya dada kipo kwenye damu yake.

Ndipo aliposikia kwamba hospitali inatafuta wanawake wazima wa afya kwa ajili ya utafiti. Daktari, mama mmoja mpole mwenye nywele za mvi, alimweleza pole pole. Ubongo hutoa homoni moja ndogo inayoziamsha homoni nyingine za uzazi. Wao wangeiingiza mshipani kwa dripu, kisha watoe damu mara kwa mara, waone zile nyingine zinapanda kiasi gani. Siku nyingine dripu ingekuwa na maji ya chumvi tu, wala yeye asingeambiwa ni siku ipi.

"Na unielewe, mwanangu," daktari alisema. "Hatupimi kama utazaa au hutazaa. Wewe unatusaidia sisi kujifunza."

Miwani akaitikia. Lakini mwenye kiu husikia maji tu.

Siku ya kwanza, dripu ilipoanza kudondoka, alinusa mafuta ya waridi. Dada alikuwa akiyapaka nywele. Chumba kilikuwa na viti viwili, chake na kingine kitupu kando yake. Kwa pembe ya jicho akaona pindo la gauni la kijivu, gauni walilomvalisha dada akiwa mgonjwa. Akageuka. Kiti kitupu.

"Unasikia kizunguzungu?" muuguzi akauliza.

"Hapana. Kuna mtu amepita hapa?"

"Tupo mimi na wewe tu."

Alipofumba macho, sauti ya dada ikamjia karibu kabisa na sikio: *Wanakupima wewe, au wananipima mimi?*

Kila alipokalia kiti kile, dada alikuja. Miwani akajiambia ni ile homoni, inacheza na akili. Hakumwambia mtu.

Siku moja akitoka, pamba imebandikwa mkononi, alimkuta Fundi juu ya ngazi kwenye korido ile ile, anafunga swichi ya lifti. Mlango nyuma yake ulikuwa na kibao kikubwa: Utafiti wa Homoni za Uzazi.

"Miwani! Unaumwa?"

"Aa, hapana. Nimemsindikiza rafiki."

Fundi akaitazama ile pamba. Jioni akapiga simu.

"Huyo rafiki yako, damu yake wanaitoa kwenye mkono wako?"

Miwani akaibandua ile pamba mkononi.

"Mpenzi, nijibu. Una mume?"

"Sina mume."

"Basi mtoto unamtafuta na nani?"

Angeweza kucheka, angeweza kumweleza, na yote yangeisha hapo. Ila nyuma ya mgongo wake sauti ilinong'ona: *Mwambie, uone atakavyokimbia.*

"Hayo hayakuhusu," akasema.

Fundi akashusha pumzi. "Haya. Wahenga walisema mficha uchi hazai."

Alikusudia vile watu wanavyoisema kila siku, kwamba afichaye shida yake hapati msaada. Lakini Miwani alisikia neno moja tu. *Hazai.* Akahisi amechomwa kwa kisu cha moto. Akakata simu. Fundi alipopiga tena hakupokea, na dukani akamwagiza mwenzake aseme hayupo, naye yupo nyuma ya pazia, amejiziba mdomo.

Nyumba ikawa nzito. Mafuta ya waridi yakaanza kunukia hata huko, penye ngazi, penye mto wake wa kulalia.

Utafiti ulipomalizika, daktari alimwita, akamwonyesha michoro kwenye kompyuta. Mistari mingine ilikuwa imelala. Mingine ilipanda kama mlima.

"Hii iliyolala ni siku za maji ya chumvi. Hii ni siku za homoni. Mwili wako uliitikia, kama wa wenzako."

"Siku ya kwanza nilipewa nini?"

"Maji ya chumvi."

Dada alikuja hata siku ya maji matupu.

"Kwa hiyo nitazaa?"

"Nilikuambia, mwanangu. Hakuna mstari hapa unaoweza kukuapia hilo."

"Na dada yangu? Yeye alikuwa na nini? Damu yetu si moja?"

Daktari akamshika bega. "Damu niliyopima ni yako peke yako. Ya dada yako sijui."

Akaenda moja kwa moja nyumbani. Mama yake alikuwa uani, anaanua mashuka.

"Mama, dada alipimwa?"

Mama akasimama na shuka mikononi. "Alipimwa mpaka mishipa ikajificha."

"Na mumewe?"

"Huyo? Hakukanyaga hospitali hata siku moja. Eti mwanamume hapimwi."

"Alioa mwingine. Alizaa naye?"

Mama akalikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Mke huyo alirudi kwao mikono mitupu. Na aliyekuja baada yake vile vile."

"Mama! Ulijua?"

"Nilijua wakati mwanangu yuko kaburini tayari. Ningemwambia nani?"

"Mimi! Ungeniambia mimi! Miaka yote hii nimekaa naogopa mwili wangu mwenyewe!"

Mama akaketi chini pale pale, akalia kilio ambacho Miwani hakumsikia akikilia hata siku ya mazishi. "Niliona aibu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia avumilie. Nilimwambia kila alipokuja analia: rudi, vumilia."

Miwani akaketi kando yake. Wakakaa hivyo mpaka mashuka yakapata umande. Kesho yake akapiga simu.

"Fundi."

"Nani mwenzangu?"

"Usijifanye umefuta namba."

"Sijaifuta. Nimekukosea nini, mpenzi? Niambie, nijue naomba radhi ya nini."

Walikutana mchana kwenye benchi nje ya duka. Akamweleza yote: dripu, viti viwili, gauni la kijivu, mti mkavu. Fundi alisikiliza kofia ikiwa mikononi.

"Na mimi nikakurushia methali ile!" akasema. "Ulimi huu ungekatwa."

"Ukikatwa utanichekesha na nini?"

Wakacheka, na katikati ya kicheko Miwani akalia. Fundi akangoja amalize.

"Nataka kukuoa."

"Na kama sitazaa?"

"Na kama mimi ndiye nisiyezaa? Tukipimwa, tutapimwa wote. Tusipopimwa, basi wote. Hukai tena kwenye kile chumba peke yako."

"Sikuwa peke yangu."

"Najua. Huyo naye ni shemeji yangu. Nitamheshimu."

Jumapili Fundi akaja kujitambulisha kwa mama mkwe mtarajiwa, suti ya kuazima, mikono ameisugua mpaka imekuwa myekundu. Mama akatoka jikoni na sinia la chai. Akaita binti yake aje kumpokea, na jina lililomtoka si la Miwani. Lilikuwa la marehemu. Halikuwahi kutamkwa katika nyumba ile tangu siku ya mazishi.

Vikombe vikagongana. Mama akaganda mlangoni. Sebuleni kukanukia waridi, na Fundi, ambaye hakuwahi kumwona dada wala kumnusa, akainua uso, akageuka kutazama nyuma yake.

"Abee, mama," Miwani akaitikia.

Akainuka, akalipokea sinia.