Lebo ya Tano

Alhamisi alasiri, Nachingwea.

Chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga kilinuka pumba na dizeli. Dunstan, mwenye mchongo wa wizi huu, alichora kwa chaki sakafuni: MND-1-112.

"Safina, tueleze."

Safina alikuwa karani wa ghala la korosho kule Ruangwa, na misimbo ile aliitunga yeye. Alikuwa pia mchumba wa Rashidy, dereva wa lori la Fuso. Wangeoana msimu ukiisha, korosho za mama yake Rashidy zikishauzwa.

"Herufi ni mahali mzigo ulikotoka. MND, Mandawa," alisema. "Namba ya kati ni mwenye mali. Moja mkulima mdogo, tano mlanguzi. Za mwisho ni za gunia, kwa kufuatana lilivyoingia. Kompyuta ikiruhusu mali ya tano itoke, lebo zikasoma tano, geti linafunguka."

"Tano tu," alisema Rashidy. "Moja sigusi. Mama yangu yumo."

"Tano tu, kaka," Dunstan alijibu. "Mwizi akiibiwa, nani atalia?"

Safina alifuta chaki kwa kandambili yake. Hakumtazama mtu.

Ijumaa, saa sita na nusu mchana, Ruangwa.

Walinzi walikuwa msikitini. Aliyebaki getini alitazama hati, akatazama lebo, akapunga mkono. Wapakiaji walibeba mbio. Rashidy alipanda juu kufunga turubai, na hapo macho yake yakaangukia gunia la juu.

Mdomo wa gunia ulishonwa kwa uzi mwekundu wa kanga. Bi Ashura, mama yake, hakuwahi kununua uzi wa magunia. Kila msimu alichana kanga kuukuu, akasokota. Rashidy alibandua lebo ya tano. Chini yake kulikuwa na nyingine: MND-1. Gunia la pili, hivyo hivyo. La tatu.

Waliondoka. Safina alikaa kando yake, Dunstan akifuata nyuma kwa pikipiki.

"Umebandika lebo juu ya lebo."

Safina aligeukia dirishani.

"Safina!"

"Walanguzi wanakagua mzigo wao kila siku. Mkulima anangoja simu tu. Dunstan akasema..."

"Ulijua ni za mama?"

"Msimbo hauna jina, Rashidy. Ni namba."

"Na ule uzi? Uliusokota na nani?"

Safina akaangua kilio. Mwezi uliopita tu alikuwa mkekani Mandawa, akisokota na Bi Ashura, wakichekana, mama akimwita mkwe wangu. Rashidy alimpenda msichana huyu kupita kiasi, na hata pale, moyo ukichanika, alikuwa bado anampenda. Laiti angeweza kumchukia, ingekuwa nafuu.

Aligeuza Fuso.

"Tutafungwa wote!" Safina alimshika mkono. "Rashidy, nakuomba."

"Najua."

Dunstan aliona gari limegeuka, akaelewa, akakata kona akatokomea vichakani. Mla nawe hafi nawe. Rashidy alisimama mbele ya geti la ghala na kupiga honi mpaka watu wakatoka msikitini.

Jumamosi asubuhi, kituo cha polisi.

Bi Ashura alikuja na chupa ya chai, muhogo wa kuchemsha, sahani na vikombe viwili kwenye kapu. Korosho zake zilikuwa zimerudi ghalani. Hakuzitaja.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

Rashidy aliinamisha kichwa.

"Haya, mimi mama yako, niibie. Lakini mtoto wa watu umemponzea nini? Yule kanisokotea uzi kwa mikono yake. Kwa akili yake mwenyewe, yule asingeniibia."

Mahabusu ya wanawake ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kilio cha Safina kilisikika, kisha kikanyamaza ghafla. Alikuwa anasikiliza.

"Ni mimi, mama," alisema Rashidy. "Nilimlazimisha."

Bi Ashura alifungua chupa. Akamimina chai kikombe kimoja, akaweka muhogo wote kwenye sahani, akamkabidhi askari.

"Mpelekee mkwe wangu."

Kikombe cha pili alikirudisha kwenye kapu, akaondoka.